Baiskeli ya Kinyua Haina Pedali

Nangila alitoa baiskeli kwenye sanduku, akaiweka sakafuni, kisha akarudi kutafuta iliyobaki. Aliingiza mkono mpaka kwenye pembe za sanduku. Akaligeuza juu chini, akalipigapiga kama mtu anayempiga mgongo mtoto aliyepaliwa. Kilichoanguka ni kipande cha sponji na spana ya bati nyembamba kama kijiko cha shule. Akachungulia tena. Pedali hakuna. Cheni hakuna. Breki hakuna, wala waya wa breki.

Alivuta stuli akaketi, akaitazama. Ilikuwa nyekundu, nyepesi kama kikapu kitupu. Ilikuwa na magurudumu mawili, kiti na usukani, na pale katikati, mahali ambapo miguu ya mtu hufanyia kazi, hapakuwa na kitu.

Na Nangila hakuwa mgeni wa baiskeli. Marehemu mume wake, Sifuna, alikuwa akibeba watu kwa baiskeli kutoka Kanduyi hadi Bungoma mjini kwa miaka mingi, kabla pikipiki hazijaja kumtoa barabarani. Nangila ndiye aliyekuwa akimshikia gurudumu wakati anaziba pancha. Ndiye aliyepaka cheni mafuta. Shule aliiachia darasa la nne, lakini baiskeli alikuwa ameisoma mpaka mwisho.

“Baisiko,” alisema Kinyua, mjukuu wake, akiwa mgongoni, kichwa kimechungulia juu ya bega.

“Ndiyo, baba,” alijibu Nangila. “Baiskeli. Sehemu yake.”

Aliyeituma ni Kiarie, mkwe wake, mume wa Emmy. Emmy ni binti yake wa pekee. Wanakaa Kitale, Emmy akifanya kazi katika ofisi ya kaunti na Kiarie akiuza mbegu na dawa za mifugo. Kiarie ni mtu wa sehemu iitwayo Kwanza, karibu na Kitale. Wazee wake walitoka upande wa Nyeri zamani, wakanunua shamba la mahindi huko na kulizoea. Mtoto alipoachishwa ziwa, ilibidi apatikane mtu wa kumshika, na kwa kuwa mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, Nangila hakwenda Kitale. Mtoto ndiye aliyekuja Kanduyi. Alikuja amelala, amefungwa shali, na tangu siku hiyo nyumba ya Nangila, iliyokuwa imenyamaza tangu Sifuna azikwe, ikawa na mtu wa kuitia kelele.

Sasa angemuuliza nani kuhusu pedali? Kiarie hawezi kuulizwa. Kwa Wabukusu, watu wa Nangila, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawali meza moja, na hawatazamani usoni. Wakisalimiana, husalimiana kwa mbali, kila mtu akiangalia kuku. Na hata bila mwiko huo, mkwe akikuletea zawadi huwezi kumpigia simu umwambie iko nusu. Ni kama kumwambia kwamba yeye ni maskini, au kwamba yeye ni mchoyo, na Nangila hakujua lipi kati ya hayo lingemuuma zaidi.

Basi Emmy alipopiga simu, Nangila alizunguka.

“Mama, ilifika?”

“Imefika. Mwambie baba Kinyua asante sana. Emmy, ile kitu ilifika yote?”

“Yote aje?”

“Yote. Vile ilitoka dukani.”

“Kwani imevunjika?”

“Haijavunjika.”

“Basi imefika yote, mama. Ni ile ya bei ya chini. Mimi nilimwambia Kiarie anunue ile ingine, akapata hii kwa ofa, akasema mtoto ni mtoto.”

Nangila alilipokea neno hilo. Kumbe. Ukilipa kidogo wanaondoa pedali. Lakini ni duka gani hilo? Umeona wapi mtu akiuza sufuria bila kitako, ati kwa sababu mnunuzi ameomba apunguziwe?

“Mama, Kinyua yuko wapi?”

“Yuko hapa.”

“Hapa wapi? Si umembeba tena mgongoni? Mama, ako na miaka miwili na nusu. Watoto wa rika lake huku wanakimbia kama ndama. Huyo ukimweka chini anakaa.”

“Anakimbia pia yeye,” alisema Nangila, na Kinyua akabadilisha shavu la kulalia.

“Haya. Kiarie atakuja Jumamosi. Anataka kuona vile Kinyua anaiendesha.”

“Akiiendesha?”

“Basi tutajua amechangamka, anaweza kuanza bebi klasi huku Kitale.”

“Na asipoiendesha?”

“Basi itabidi aje huku mapema, akae na wenzake. Atakuwa anachelewa, mama. Mpangie nguo zake kwa begi kabisa, sawa?”

Simu ilikatika. Nangila alibaki ameishika sikioni. Akarudia maneno hayo kichwani polepole, kama mtu anayehesabu vifaranga na kila mara anapata idadi tofauti. Akiendesha, anaenda. Asipoendesha, anaenda. Alidhani ameruka mahali, akaanza upya. Ikawa ni yale yale.

Kesho yake alimweleza jirani yake Nasimiyu walipokuwa wakichambua maharagwe. Nasimiyu alikuwa mjane kama yeye, mrefu, mwenye sauti ya kwaya na ulimi wa sokoni. Aliiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akaizungusha.

“Mama Emmy, hii ni stuli imewekewa magurudumu.”

“Usiseme hivyo. Mkwe ndiye ameileta.”

“Nimesema ni stuli mbaya? Nimesema ni stuli.” Akaiweka chini. “Sasa wewe unaomba Mungu nini? Mtoto aendeshe au asiendeshe?”

“Hapo ndipo sijui.”

“Lazima ujue. Mungu hatakupangia ombi.”

“Nikiomba ajue, nimemwombea aende. Nikiomba asijue, nimemwombea mtoto wa binti yangu ashindwe. Nitafungua mdomo nisemeje?”

Nasimiyu alimaliza kuchambua maharagwe ya kiganjani. Mwishowe akasema, “Mimi ningeomba pedali kwanza. Hayo mengine nitayaona mbele.”

Ushauri huo Nangila aliushika, kwa kuwa ndio pekee uliokuwepo.

Lakini kabla ya kwenda kwa fundi alijaribu. Hakutaka kusema baadaye kwamba hakujaribu. Alimtoa Kinyua mgongoni, akamkalisha kwenye kiti kile, akamshikisha usukani. Miguu ya mtoto ilifika chini vizuri, nyayo nzima, kama amesimama. Hilo lilimchanganya Nangila zaidi. Baiskeli inayofikisha miguu chini ni ya nini? Sifuna angecheka mpaka aketi. Mtoto naye alikaa kimya, akisubiri baiskeli ifanye kitu. Baiskeli nayo ilimsubiri yeye.

“Haya, twende,” alisema Nangila.

Kinyua alipiga hatua moja, gurudumu la mbele likageuka upande, wote wawili wakalala kwenye nyasi. Hakulia. Alinyoosha mikono juu abebwe.

Jaribio la pili, alipiga hatua kadhaa huku akiburuta vidole, na slipasi ya kushoto ikakatika kamba. Nangila aliiokota akaitazama. Baiskeli iliyonunuliwa kwa bei ya chini ilikuwa inakula slipasi. Akamrudisha mtoto mgongoni, akaipachika baiskeli kwapani, akashuka nayo barabarani.

Wepukhulu alikuwa akitengeneza baiskeli kando ya barabara ya uwanja tangu enzi za kina Sifuna. Siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa wilibaro na viti vya magurudumu, lakini hakuwahi kukubali kwamba kuna chuma asichokijua. Aliigeuza ile baiskeli ikasimama kwa usukani na kiti, akaipekua kama daktari wa ng'ombe.

“Hii haijaisha kutengenezwa,” alisema.

“Ndiyo nilivyosema.”

“Ona hapa. Hapa ndipo palipaswa kuwa na tundu la ekseli ya pedali. Hawakutoboa. Waliharakisha.” Aligonga fremu kwa kucha, ikalia kama kopo. “Na siwezi kutoboa mimi. Ni bati limepakwa rangi. Nikitia drili itapasuka, halafu mkwe wako aseme nimeharibu. Ona na bolti hii ya usukani. Imekaa siku ngapi kwako?”

“Haijamaliza wiki.”

“Na imeshalegea. Barabara ya kokoto haipendi vitu kama hivi.” Kisha akaminya gurudumu kwa kidole gumba, na uso wake ukabadilika kidogo. “Lakini hii tairi haina tyubu. Ni sponji ngumu tupu, kama slipasi. Hii haishiki pancha milele. Kama zote zingekuwa hivi mimi ningekufa njaa.”

“Kwa hiyo ni nzuri ama ni mbaya?”

Wepukhulu alijikuna shingo. “Ni nyepesi, mtoto anaweza kuibeba mwenyewe. Haina cheni, kwa hiyo haitamkata kidole. Kwa hiyo ni nzuri.” Akaigeuza upande wa pili. “Haina breki. Kiti hakiinuki, mtoto akirefuka kidogo tu imekwisha. Kwa hiyo ni mbaya.”

“Nimekuuliza moja, umenijibu mbili.”

“Mama Emmy, wewe ndiye umeniletea kitu cha namna mbili.”

Alifikiri huku akitafuna kijiti. Kisha akaingia ndani ya kibanda chake, akatoka na magurudumu mawili madogo ya kigari cha mtoto kilichovunjika. Mpango wake ulikuwa huu: pedali haiwezekani, lakini baiskeli inaweza kusimama yenyewe. Alikata chuma, akakipinda, akakifunga kwa bolti upande huu na upande huu, gurudumu dogo kila upande. Na kwa sababu miguu ya mtoto ilikuwa haina pa kukaa, akaweka kibao chini ya fremu. Ilipokwisha, ile baiskeli ilisimama katikati ya barabara bila kuegemea popote, na watu waliokuwa wakipita wakaipongeza.

“Sasa hiyo imekamilika,” alisema Wepukhulu. “Mkwe akija, aione Kanduyi pia kuna mafundi.”

Kinyua aliipenda mno. Alikaa juu yake, miguu kwenye kibao, mkono mmoja usukani na mwingine ukipungia kuku. “Sukuma, Kukhu,” alisema, kwa jina ambalo Wabukusu humwitia bibi. Nangila akasukuma. Alisukuma toka jikoni hadi kwenye migomba, toka migomba hadi langoni, mgongo umepinda kama anapalilia. Akipumzika, sauti inatoka mbele: “Kukhu, sukuma.” Zamani alimbeba akiwa amesimama wima. Sasa anamsukuma akiwa ameinama. Ilimjia kwamba huenda baiskeli hii imemrudisha nyuma badala ya kumpeleka mbele, lakini hakuwa na uhakika mbele ni wapi. Mtoto alikuwa juu ya baiskeli, baiskeli ilikuwa inakwenda. Hiyo si ndiyo kuendesha? Na kama ndiyo, je, amefanya vizuri ama amemfukuza mtoto kwa mikono yake mwenyewe?

Hata hivyo alipanga nguo kwenye begi kama alivyoambiwa. Alizipanga, akazitoa, akazikunja upya, akaona sweta moja ina jasho, akaitoa aifue. Begi lenye sweta majini haliwezi kusemwa kwamba limepangwa.

Jumamosi Kiarie alifika kwa pikipiki. Mwendeshaji alimshusha ndani ya boma, akageuza, akatoka kwa kasi na kuacha lango wazi. Nangila alikuwa jikoni, kile kijumba chake cha udongo kilicho kando ya nyumba kubwa. Aliona viatu vya mkwe kupitia mwanya wa mlango, akajifunga kitambaa kichwani vizuri, akasogea nyuma ya ukuta.

“Hodi huku. Shikamoo, mama,” alisema Kiarie akiwaangalia kuku.

“Marahaba, baba Kinyua,” alijibu Nangila akiliangalia jiko. “Karibu. Kiti kiko hapo nje.”

Nasimiyu ndiye aliyekuwa amekuja kupokea mgeni, maana ilihitajika miguu ya mtu asiye na mwiko. Alimletea chai, kisha akagundua maziwa yamekwisha, akasema anarudi sasa hivi, akaenda. Wakabaki watu watatu: mkwe nje, mama mkwe ndani, na Kinyua katikati, juu ya baiskeli yake, miguu kwenye kibao, akingoja kusukumwa.

Kiarie aliitazama ile baiskeli kwa muda mrefu. Kijiko kilizunguka kwenye kikombe mpaka sukari yote ikasahau kwamba ilikuwa sukari.

“Kinyua,” alisema mwishowe, “hebu muulize kukhu haya magurudumu yametoka wapi.”

Kinyua alimtazama baba yake, akatazama mlango wa jikoni. “Baisiko,” alisema.

“Kinyua,” ilitoka sauti ndani ya jiko, “mwambie baba ni ya kusaidia tu.”

“Mwambie kukhu asante. Lakini yenyewe huwa bila.”

“Muulize baba, bila nini.”

Kiarie alikohoa. “Bila kila kitu.”

Kuni zikalia. Nangila alisimama na mwiko mkononi akijaribu kupata maana ya hilo. Bila kila kitu. Kwa hiyo hakutapeliwa. Alikwenda dukani akiwa na akili zake, akaikuta baiskeli isiyo na kitu, akaipenda.

“Mwambie kukhu,” aliendelea Kiarie, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea, “ni ya kumfundisha kutulia juu ya magurudumu mawili. Mtoto anaikalia, anatembea nayo. Akizoea anakimbia nayo. Halafu siku moja anainua miguu, inakwenda yenyewe. Akija kupewa ya pedali, hatashikwa na mtu. Kwa ile ya kwetu ya zamani, mtu alikuwa anajua pedali kabla ya kujua kukaa. Ndiyo maana tulianguka sana.”

Nangila alikumbuka goti la Sifuna, lililokuwa na kovu kama ramani. “Kinyua, muulize baba, breki je?”

“Breki ni miguu.”

“Na viatu?”

Kiarie akanywa chai. “Viatu vitaisha,” alikiri. “Hiyo ni kweli. Na kiti hakiinuki. Na bolti zinalegea, niliambiwa. Kulikuwa na ingine nzuri kuliko hii, mama yake aliitaka hiyo. Mimi nikaona…” Akaacha. Akajaribu tena, huku akimwangalia mtoto usoni kana kwamba ni mtoto aliyekuwa amemshtaki. “Kinyua, mwambie kukhu kama iliwaletea aibu hapa Kanduyi, mpaka ikapelekwa kwa fundi, mimi naomba msamaha.”

Hilo Nangila hakulitarajia. Siku zote alikuwa akiificha aibu ya mkwe ili mkwe asiione. Kumbe mkwe naye ameiona baiskeli ikiwa na magurudumu ya kigari, akadhani ameaibishwa na mama mkwe mbele ya barabara nzima. Sasa ni nani aliyemkosea mwenzake? Alitaka kusema kitu cha kumtuliza, lakini kila neno lililokuja lilikuwa la kusemwa uso kwa uso, na uso hakuwa nao.

Badala yake aliingia nyuma ya mitungi, kwenye kisanduku cha Sifuna, akatoa spana. Hiyo ilikuwa spana ya kweli, nzito, imeng'aa kwa mkono wa mtu. Alitoka mpaka kizingitini, akaiweka chini, akarudi nyuma. Kiarie alisubiri mpaka arudi kabisa, akasimama, akaichukua.

“Kinyua, mwambie kukhu nimeipata.”

Aliifungua kazi ya Wepukhulu bolti moja baada ya nyingine, akiweka kila kitu pembeni kwa adabu, kama mtu anayevua kofia. Kibao kikatoka. Magurudumu ya pembeni yakatoka. Baiskeli ikawa tena ile nyekundu, nyepesi, isiyo na kitu. Kinyua alipokalishwa alitafuta kibao kwa miguu, akakikosa, akakanyaga chini. Akakunja uso.

“Sukuma,” alisema.

“Hapana,” alisema baba yake. “Tembea.”

“Kukhu, sukuma.”

Nangila aliuma mdomo. Angeweza kutoka. Angeweza pia kusema “tembea, baba,” na mtoto angemsikia. Hakujua ni lipi kati ya hayo angekuja kulijutia Kitale ikishamchukua mtoto. Alisikia mdomo wake ukisema, “Tembea, Kinyua.”

Kinyua akatembea. Mara ya kwanza gurudumu liligeuka, akaweka mguu, akasimama. Mara ya pili hakuanguka. Alizunguka kiti cha baba yake, akaburuta vidole, akaupita mlango wa jikoni na kuchungulia ndani kuona kama anaonekana. Alionekana. Kiarie alirudi kwenye zile bolti alizokuwa amezifungua, akainama kuzikusanya.

Boma la Nangila limelala kwenye mteremko. Juu kuna nyumba, chini kuna lango, na ng'ambo ya lango ni barabara inayokwenda uwanjani, ambako pikipiki hupita kana kwamba zimechelewa mazishi. Kinyua alifika pale nyasi zinapoanza kushuka. Baiskeli ikamtangulia kidogo. Akapiga hatua ya haraka kuifuata, kisha ya haraka zaidi, kisha miguu yake, ambayo haikuwa na la kufanya tena, ikainuka.

Nangila aliona kabla ya Kiarie, maana hakuwa ameondoa macho. Mtoto alikuwa anakwenda. Amenyooka, miguu imetengana hewani kama mkasi, hayumbi huku wala huku. Ilikuwa nzuri kuitazama. Kisha aliona lango liko wazi.

Hakukumbuka kutoka jikoni. Alikumbuka kitambaa kikimtoka kichwani, na mwiko wenye uji ungali mkononi, na kwamba alipita mbele ya mkwe wake, kichwa wazi, kwa hatua ambazo hakuwa amezitumia tangu usichana. Kiarie naye alikuwa ameruka, bolti zikatawanyika. Nangila akashika sweta ya mtoto kwa nyuma, Kiarie akashika kiti, na wote kwa pamoja wakagongana bega kwa bega hatua chache kabla ya lango. Nangila alikaa chini kwa kishindo, mtoto kifuani. Pikipiki ikapita nje na honi yake.

Na mkono ukamwingia chini ya kiwiko, ukamwinua. Ulikuwa mkono wa Kiarie. Wote wawili waliutazama pale ulipokuwa, wakatazamana usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, kisha Kiarie akakiachia kiwiko kama ameshika sufuria ya moto.

“Pole, mama,” alisema. Hakuyapitisha maneno kwa mtoto.

“Si neno,” alisema Nangila. Naye hakuyapitisha kwa mtoto.

Kinyua aliangalia juu kwa huyu, akaangalia kwa huyu. “Tena,” alisema.

Nasimiyu aliporudi na maziwa aliwakuta wamesimama mbali mbali, Kiarie kwenye migomba, Nangila ukutani mwa jiko akijifunga kitambaa, na uji uko kwenye nyasi. Alielezwa na kila mmoja, kila mmoja akieleza kana kwamba mwingine hayupo.

“Alikushika wapi?” alimuuliza Nangila.

“Kiwiko.”

“Kiwiko tu?”

“Na bega. Lakini bega niligonga mimi. Ama aligonga yeye. Sijui.”

Nasimiyu aliweka maziwa chini. Alinyoosha mgongo kama anayeanza ubeti, akageukia migomba. “Baba Kinyua, umesikia? Umemshika mama mkwe wako. Sina lawama, ulimwinua. Lakini kwetu jambo hilo haliachwi wazi. Itabidi urudi na blanketi umfunike, naye akupe kuku, ndipo mambo yatulie.”

“Nitarudi nalo,” alisema Kiarie haraka. “Hata wiki kesho.”

“Usiharakishe. Mambo haya hujipanga taratibu, pengine mpaka baada ya mavuno.” Nasimiyu alinawa mikono bila haja ya kunawa. “Na kabla hayajatulia, mtoto haondolewi bomani.”

Nangila aligeuka akamtazama. Blanketi aliwahi kulisikia. Kuku pia, kutoka kwa shangazi zake. Lakini hilo la mtoto hakuwahi kulisikia kwa mama yake, wala kwa bibi yake, wala kwa mtu yeyote. Alitafuta kwenye uso wa Nasimiyu dalili ya mchezo. Uso ule ulikuwa umetulia kama wa mzee wa kanisa anayepitisha sahani ya sadaka.

Kiarie alitafakari. Alitazama mteremko, akatazama ile baiskeli nyekundu iliyolala kwenye nyasi bila mkwaruzo. Alikuwa amekulia Kwanza, kati ya Wabukusu na Wasabaoti, na hakuwa mjinga wa mila za watu. Nangila hakujua kama ameamini au ameelewa. Alimsikia tu akipiga simu, na alipiga kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, ingawa nyumbani yeye na Emmy huongea mchanganyiko wao.

“Emmy, mtoto anaiendesha. Ndiyo. Ameinua miguu kabisa. Hapana, siji naye leo. Kuna kitu cha mila kimetokea, nitakueleza. Na Emmy, kusema ukweli, sisi tunakaa gorofa ya tatu, angeiendesha wapi? Kwa ngazi? Bebi klasi itangoja. Wacha akomae huku kwanza.”

Kulikuwa na maneno mengi upande wa pili. Kiarie akayasikiliza yote, akasema “sawa, sawa,” akakata. Kisha akapiga magoti mbele ya mtoto.

“Kinyua, mwambie kukhu nitakuja na blanketi. Na viatu vigumu, vya ngozi. Na kofia ya kichwa. Hii haiwekwi breki, lakini nitauliza.”

“Mwambie baba,” alisema Nangila, “afike salama.”

Kiarie alipoondoka, Nasimiyu alikaa kwenye kiti cha mgeni akamalizia chai iliyobaki.

“Nasimiyu,” alisema Nangila, “hiyo ya mtoto haondolewi. Uliisikia wapi?”

“Wewe unataka kujua?”

Nangila alifikiri. Mtoto ameweza, na hajaenda. Kwa hesabu za Emmy hilo halikuwepo kabisa. Angeweza kuulizia, akafika mahali asipopataka.

“Hapana,” alisema.

Alishuka langoni akalifunga, akalizungushia waya, akavuta kuhakikisha. Sweta ilikuwa bado majini. Juu ya mteremko, Kinyua alikuwa ameinua baiskeli mwenyewe, kwa mikono yake, akiigeuza usukani utazame chini. Alipanda. Akaweka miguu. Akamtafuta kwa macho.

Nangila hakuondoka langoni. Alisimama akiwa amelipa lango mgongo, akatanua magoti, akafungua mikono yote miwili.

“Haya,” alisema. “Njoo.”